Kampuni ndogo ya PR mjini au kitengo cha mawasiliano Mtumba? Pima kwa miezi mitatu ya Bunge la Bajeti

Mpwa wangu ana karatasi mbili. Ya kwanza ni mkataba mpya kutoka kampuni ndogo ya uhusiano wa umma iliyoko Area D, alikoanza kazi alipomaliza chuo. Bosi anataka aendelee, na mshahara ameuongeza kidogo. Ya pili ni barua ya kupangiwa kituo cha kazi kutoka Sekretarieti ya Ajira: Afisa Habari Daraja la II, kitengo cha mawasiliano serikalini, wizara moja huko Mtumba, mji wa serikali hapa Dodoma. Alikuja Jumapili baada ya ibada, akaziweka mezani, akasema, "Mjomba, wewe umekaa pande zote mbili. Niambie ukweli."

Ni kweli nimekaa. Miaka minne kwenye kampuni ya watu watano, kisha miaka sita serikalini. Niliyomwambia ndiyo haya, ila hapa nimeyarefusha, kwa sababu Dodoma hii vijana wenye karatasi mbili kama zake ni wengi, na wengi hupewa ushauri wa neno moja tu: "Kamata serikali." Ushauri huo si mbaya. Ni mfupi mno.

Kwanza, usilinganishe kazi hizi kwa mwezi wa Oktoba. Oktoba kila ofisi ni nzuri. Linganisha kwa Aprili, Mei na Juni. Bunge la Bajeti likianza Aprili hadi linapomalizika mwisho wa Juni, mji wetu huwa mwingine: vyumba vya wageni vinajaa, kila wizara ina siku yake ya kusoma bajeti, wadau wanakuja kuonana na kamati za Bunge, na kila mmoja wao anataka bango, kijarida, video fupi ya mafanikio na waandishi wa habari wa kutosha. Jiulize ndani ya miezi hiyo utalala saa ngapi, nani atakuwa anakuamuru, na pesa itaingia lini. Ukiiweza miezi hiyo mitatu, tisa iliyobaki haitakushinda.

Siku inavyokwenda

Kampuni ndogo ina bosi, ambaye kazi yake kubwa ni kutafuta wateja. Ina mtu wa dizaini, mpiga picha ambaye pia ndiye wa video, na mhasibu anayekuja mara mbili kwa wiki. Kila kilichobaki ni chako. Asubuhi unaandika hotuba ya mwenye shule, saa sita uko kwa mchapaji unahesabu vijarida, saa tisa unampigia mhariri Dar es Salaam kumuuliza kama habari itatoka, jioni unajibu malalamiko ya watu waliouziwa viwanja na mteja wako, wanaotaka kujua barabara waliyoahidiwa iko wapi. Simu haina saa. Mteja anayelipa anaona ana haki ya kukutumia ujumbe wa sauti saa nne usiku, naye bosi hawezi kumkatalia kwa sababu wateja wenyewe ni sita.

Nikueleze usiku mmoja, uone kazi hiyo inavyofundisha. Ilikuwa Juni, tumepewa maandalizi ya uzinduzi wa mradi wa maji, uwanja wa wazi upande wa Nala. Bango la nyuma ya meza kuu lilikuwa mita sita kwa tatu. Tulilifunga kwenye fremu ya chuma saa tano usiku, tukalala ndani ya gari. Alfajiri ukaja upepo wa kiangazi wa Dodoma, ule unaokuja na vumbi lake, ukalijaza bango kama tanga la jahazi. Fremu ikalala chini. Bango likachanika kuanzia pembeni hadi kwenye nembo ya mteja, na mgeni rasmi anatarajiwa saa tatu asubuhi. Tukamwamsha fundi viatu huko Majengo, akaja na sindano yake na uzi wa nailoni, akashona akimulikiwa na taa ya bodaboda. Alipomaliza akatuuliza kwa nini hatukulikatia pa kupitishia upepo. Akachukua wembe, akalikata vitundu vya nusu mwezi sehemu zisizo na maandishi, safu kwa safu, kila kimoja kama upana wa kiganja. Tukalisimamisha tena. Upepo ukawa unapita, bango likitikisika tu kidogo. Kwenye picha za siku hiyo huoni kitu.

Somo hilo halikuwa kwenye mtaala wangu wa chuo. Kwenye kampuni ndogo unalipata, na mengine kama hilo kila wiki, kwa sababu hakuna mtu wa tatu wa kumwachia tatizo.

Mtumba ni habari nyingine. Saa za kazi zimeandikwa: saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Kwa mwaka mzima kwa jumla zinafuatwa; wakati wa bajeti hazifuatwi, na asikudanganye mtu. Siku ya wizara yako kusoma bajeti unaamka saa tisa usiku kama yule wa mjini. Tofauti ni kwamba serikalini uchovu mwingi hautokani na wingi wa kazi. Unatokana na kusubiri. Taarifa kwa vyombo vya habari unaiandika kwa dakika arobaini. Kisha inapanda: Mkuu wa Kitengo, idara husika ihakiki takwimu, Katibu Mkuu aidhinishe, irudi. Ukitaka gari au mpiga picha unaandika dokezo sabili, yaani ombi fupi la ndani ya ofisi, na kusubiri lirudi na neno "Imekubaliwa". Na wakati unasubiri, kundi fulani la WhatsApp limeshasambaza habari ya uongo kuhusu jambo lile lile, nawe unaiona, majibu unayo, ila ruhusa ya kuyatoa huna.

Jambo hilo lilinitesa sana miezi ya mwanzo. Halafu likanipata la kwangu. Niliandika taarifa kuhusu skimu ya umwagiliaji, nikaandika ekari mahali pa hekta. Hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu, kwa hiyo nilikuwa nimelipunguza shamba la wananchi kwa zaidi ya nusu. Kule kwenye kampuni taarifa ile ingetoka saa nne asubuhi na kufika redioni saa saba mchana na kosa lake. Hapa mhandisi mmoja wa idara aliizungushia kalamu nyekundu, akanirudishia bila kusema neno. Tangu siku hiyo sikulalamikia tena safari ya dokezo. Maneno ya wizara yakishatoka, mkulima wa Bahi au Kongwa anayapangia maisha.

Pesa: si kiasi tu, ni lini

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo vijana wanapoumia.

Kampuni ndogo ya Dodoma inaishi kwa wateja wa aina mbili: taasisi za umma na wasio wa umma. Taasisi za umma zinalipa vizuri, ila zinalipa kwa utaratibu wao. Zabuni inapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, unapata LPO, yaani hati ya kuagiza kazi, unafanya kazi, unapeleka ankara, unasubiri malipo. Mwaka wa fedha wa serikali unafungwa Juni 30. Kazi kubwa za kampuni yako ni za Aprili hadi Juni. Ziweke tarehe hizo pamoja uone hatari ilipo: kazi ya wiki ya tatu ya Juni, ikiwa malipo hayakupita kabla mwaka haujafungwa, inahamia kwenye orodha ya madeni, na madeni yana uhakiki wake. Kampuni tayari imemlipa mchapaji, mwenye mahema, mwenye spika na dereva. Kama imesajiliwa VAT, TRA wanaitaka asilimia 18 yao ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kwa ankara iliyotolewa, mteja awe amelipa au hajalipa. Hata malipo yenyewe yakija, yanakuja yamekatwa kodi ya zuio.

Kinachobaki kubana ni mshahara wako. Mwaka wangu wa pili, mshahara wa Julai niliupata Septemba. Bosi hakuwa mtu mbaya. Alituita, akatuonyesha ankara zake, na yeye mwenyewe alikuwa amesimamisha ujenzi wa nyumba yake. Lakini mwenye nyumba wangu wa Chang'ombe hakuhusika na ankara hizo, na mangi wa dukani alikuwa ameshaanza ukurasa wa pili wa daftari la deni langu.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza bosi wa kampuni ndogo lisiwe mshahara ni kiasi gani. Muulize ana wateja wangapi ambao si wa serikali, wanaolipa kila mwezi. Shule, hospitali binafsi, wazalishaji wa mvinyo wa zabibu zetu, shirika lenye mkataba wa mwaka. Wakiwa watatu au wanne, mshahara wako wa Julai unao. Wakiwa hakuna, basi jua unakopesha serikali kupitia kampuni.

Swali la pili ni michango. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara wako, kwa kawaida kumi inakatwa kwako na kumi anatoa mwajiri. Usikubali kuambiwa tu "tunapeleka". Omba kuona taarifa ya michango yako. Ukiona unalipwa mkononi, mshahara kamili, hakuna PAYE (kodi ya mshahara), hakuna NSSF, hakuna makato ya bodi ya mikopo, usifurahi. Deni la HESLB halijafutika kwa sababu mwajiri amenyamaza; liko pale pale linakusubiri, na uzeeni hakuna anayekuwekea kitu.

Serikalini mshahara unaingia kabla mwezi haujaisha, Julai kama Desemba. Sitazidisha sifa: si mkubwa. Kima cha chini cha mtumishi wa umma kimepanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, na afisa mwenye shahada yuko juu ya hapo, lakini ukishatoa PAYE, asilimia 5 ya PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma), 3 ya bima ya afya ya NHIF na 15 ya mkopo wa chuo, utakachokiona benki kitakushangaza mwezi wa kwanza. Kitu ambacho vijana hawakihesabu ni upande wa mwajiri: anakuwekea asilimia 15 PSSSF, na kadi ya NHIF inabeba mwenza na wategemezi hadi wanne, wazazi wakiwamo. Mama yake mpwa wangu, dada yangu, yuko Kondoa na ana presha. Kadi ile kwake ina uzito kuliko nyongeza yoyote ya bosi wa Area D.

Na posho? Watu wa Dar es Salaam wanadhani afisa habari wa Dodoma anaogelea kwenye posho za Bunge. Posho ya kujikimu hulipwa ukitoka nje ya kituo chako cha kazi. Kituo chako ni Dodoma na Bunge liko Dodoma. Utazipata ukipewa safari za mikoani, na ukizipata utajifunza haraka kurejesha masurufu, yaani hesabu ya fedha uliyotangulizwa, kwa wakati, risiti zote zikiwa kamili.

Unachokipata kichwani

Kampuni ndogo inakupa upana. Mwaka mmoja unatosha kujua kuandika kwa sauti sita tofauti, kupanga tukio kuanzia hema hadi itifaki, kuandaa bajeti, kumwambia mteja hapana bila kumpoteza. Wizara inakupa kina. Ukikaa miaka mitatu kwenye wizara ya maji au kilimo, unalijua somo hilo kiasi kwamba waandishi wanakupigia wewe. Unazijua pia sheria kwa kuzitumia: Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, na ile ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka huo huo, inayompa mwananchi haki ya kukuandikia na kudai majibu. Kijana wa kampuni anaweza kufanya kazi miaka mitano bila kuzifungua.

Liko jambo moja ambalo pande zote mbili litakujaribu, nalo ni bahasha. Mwandishi aliyetoka Makole kwa bodaboda kuja kwenye mkutano wako ametumia nauli, na wengi wao hawana mshahara wa kudumu. Kulipa nauli hiyo hadharani, kwa fomu iliyosainiwa, kiwango kimoja kwa wote, naona ni haki. Kulipa ili habari itoke, au isitoke, ni kununua kitu ambacho mwandishi hana haki ya kukiuza. Kwenye kampuni shinikizo linatoka kwa mteja: "Mimi nimelipa, mbona sijajiona kwenye taarifa ya saa mbili?" Serikalini shinikizo ni la cheo. Kumkatalia mteja ni rahisi zaidi kuliko kumkatalia mkubwa wako, hilo nalisema kwa kuwa nimefanya yote mawili. Chagua mahali ambapo bosi wako wa karibu anaijua tofauti hiyo. Utalijua kwa kumuuliza tu.

Sheria ya kazi, kwa ufupi

Kwa kampuni, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, ziada ilipwe mara moja na nusu, likizo ya mwaka siku 28, ya uzazi siku 84, au 100 kwa mapacha. Kampuni ya watu watano ikimpoteza mmoja kwa siku 84 inayumba kweli, ndiyo maana mabinti wengi huogopa hata kutamka. Haki haipungui kwa udogo wa ofisi. Iandikwe kwenye mkataba kabla ya kusaini.

Ushindani uliokuja na treni

Zamani kampuni za hapa zilikuwa na kinga moja: umbali. Kampuni kubwa ya Dar es Salaam ilihitaji kulaza watu hapa ili isimamie tukio la asubuhi. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwishoni mwa Julai 2024, watu wao wanaweza kupanda alfajiri, wakafanya mkutano, jioni wako kwao. Kampuni ndogo ya Dodoma inayojiuza kwa kuwa karibu tu itaumia. Itakayobaki ni ile inayoijua Dodoma yenyewe: nani mwenye spika zisizokatika, kituo gani cha redio kinasikika Mpwapwa, msimu gani usifanye tukio uwanja wa wazi. Ukiajiriwa na bosi anayelielewa hili, una shule nzuri. Ukiona bado anasema "wateja watakuja tu, serikali yote iko hapa," fikiria tena.

Wengine wataniuliza kuhusu kazi za miradi ya mashirika. Zinalipa kuliko zote mbili, na zinaisha mradi ukiisha. Kwa anayeanza siishauri, kwa aliyekwisha kujua kazi ni nzuri.

Nani aende wapi

Kama huna anayekutegemea, una akiba ya kodi ya nyumba ya miezi mitatu, na kampuni ina wateja wa kila mwezi na michango ya NSSF inayoonekana, kaa mjini miaka miwili hadi mitatu. Nasema hivi nikijua wazazi wengi hawatanipenda. Mikono inajifunza kule kuliko popote, na serikalini utaingia ukiwa mtu wa kutumwa jambo gumu. Ila nafasi za serikali hazitangazwi kwa kukusubiri; barua ukiiacha ipite, nyingine inaweza kuchukua miaka. Hilo pia lipime.

Kama una wazazi wa kuwatunza, una mkopo wa chuo, au moyo wako hauwezi mwezi usiojulikana mshahara wake, nenda Mtumba bila kuona haya. Panga chumba Ihumwa au Ilazo badala ya ng'ambo ya mji, maana Mtumba iko kilomita 17 hivi kutoka katikati ya jiji na nauli ya kila siku ni mshahara mwingine. Na ukifika, usikubali kuwa mtu wa kupiga picha na kuweka maelezo chini yake tu. Omba kuandika hotuba, omba kukaa na wahandisi, soma bajeti ya wizara yako yote, siyo muhtasari.

Mpwa wangu alimwomba bosi taarifa ya NSSF siku ya Jumatatu. Ililetwa Jumatano, na kati ya miezi kumi na minne, mitano haikuwa imepelekwa. Bosi hakuficha, alisema ni ankara za Juni, akaahidi tarehe. Nilimheshimu kwa hilo. Mpwa wangu alikaa na mama yake kwenye simu usiku ule kwa saa nzima. Asubuhi akamwandikia bosi notisi ya siku 28, akamwomba amwachie mapema ili awahi kuripoti, naye akamwachia, kwa sharti kwamba kwanza amkabidhi mtu wa dizaini majina na namba zote za wachapaji, wenye mahema na yule fundi wa spika wa Nkuhungu. Alikesha siku mbili akiyaandika, akiweka kando ya kila jina nani wa kulipwa kabla na nani anaweza kusubiri hadi Agosti.